Jiko la Kioo la Nyumba ya Injinia

Siku ya kwanza kazini sikupewa nyundo wala spana. Nilipewa kipande cha kamba ya katani. Fundi Mkuu wa karakana ya majengo ya Serikali pale Garissa, Kalasinga mnene aliyevaa kilemba cha bluu hata siku za joto kali, aliiwasha ncha ya kamba ile, akauzima mwali kwa vidole ili ibaki ikifuka tu, kisha akaniambia niipitishe mbele ya kila jiko, kila mlango na kila dirisha la nyumba za maofisa, nirudi nimweleze moshi ulielekea wapi. Nilizunguka kutwa nzima. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya maji walinicheka, wakaniuliza tangu lini Serikali ikaajiri wafukiza ubani.

Jioni nilimletea majibu. Alisikiliza huku anakunywa chai kwenye sahani.

"Moshi napinda, njia iko," aliniambia. "Moshi nasimama, njia hapana. Moto nakula hewa sawasawa wewe, sikia? Njia hapana, nakula ya kwako."

Hiyo ndiyo shule niliyosoma. Mengine nilijifunza kwa kuungua vidole. Ninyi mnaogeuza swichi ya jiko na moto ukawaka hamjui kwamba zamani moto wa nyumba ya Serikali ulikuwa na mtu wake, na mtu huyo alikuwa mimi. Nilifunga majiko ya chuma ya kuni, nikapandisha mabomba ya moshi hadi juu ya paa, nikajenga matanuri madogo nyuma ya nyumba, yenye pipa la maji juu yake, ili ofisa apate maji ya moto ya kuoga katika nchi ambayo maji ya bomba yenyewe yanakuchoma saa saba mchana. Nilitumwa Wajir, nikatumwa Griftu, nikakaa Bute miezi mitano kwa ajili ya nyumba mbili na kituo kimoja. Kila nilikokwenda nilikuwa na kamba yangu ya katani mfukoni. Mafundi wengine walinitania kuwa naogopa kuachwa na moshi.

Kisha ukaja Uhuru, na mwaka ule ule ikaja vita ya waliotaka mkoa wetu ujitenge. Mkoa wetu ukawekwa chini ya hali ya hatari, watu wakawekewa amri ya kutotoka nje baada ya jua kuchwa, na Fundi Mkuu akafunga sanduku lake akaenda Nairobi kwa wanawe. Mimi ni Msomali wa Garissa. Baba yangu aliuza ng'ombe hapo kabla ofisi hazijajengwa. Tangu vita ianze nilishukiwa na pande zote mbili. Langoni mwa karakana askari walinipekua nikiingia na nikitoka, wakachungulia hata ndani ya mabomba yangu. Nyumbani jamaa zangu waliniita mtu wa Serikali, na hawakuwa wakinisifu. Vijijini watu walikusanywa wakae ndani ya boma la miiba, mtutu wa bunduki langoni, na ngamia waliobaki nje ya boma hawakuwa na mwenyewe. Siandiki historia hapa. Wenye vyeo waliokuwapo waandike, kama wana uso wa kuandika. Mimi naandika juu ya moto na hewa, kwa kuwa hayo nayajua.

Injinia wa Mkoa alifika na msafara wa malori mwaka wa pili wa vita. Alikuwa mtu wa nyanda za juu, mrefu, safi, mwenye kalamu tatu mfukoni, na kwa kweli hakuwa mtu mbaya. Nimejaribu miaka mingi kumfanya mbaya nikashindwa. Katika lori la tatu mlikuwa na sanduku la mbao lililokuja na vyombo vyake. Aliniita mimi na Hassan, mwashi wetu, tulifungue. Ndani mlikuwa na jiko la gesi la ukutani, la kuotea moto, lenye uso wa kioo kinene. Katika maisha yangu sikuwa nimeona kitu kizuri namna ile.

Hassan aliinama akalitazama, akainuka. "Bwana mkubwa, samahani. Hii moto ni ya kubika nini?"

"Si ya kupika. Ni ya kuota."

"Kuota," Hassan alirudia. Alitazama jua, akanitazama mimi. "Hapa Garissa?"

"Orodha ya vyombo haisemi Garissa," Injinia alimjibu. "Inasema nyumba ya daraja la kwanza. Kimo kwenye orodha, kitafungwa."

Tukalifunga. Na hapa niseme ukweli, nililipenda jiko lile. Jiko la kuni huvuta hewa ya chumbani, likapeleka moshi juu. Hili halikugusa hewa ya chumba hata kidogo. Lilikuwa na bomba ndani ya bomba. Bomba la ndani lilitoa moshi nje kupitia ukutani, na nafasi iliyozunguka bomba hilo ilileta hewa mpya kutoka nje. Moto uliishi peke yake nyuma ya kioo, unakula cha nje, unatema nje. Hassan alitoboa ukuta mnene wa mawe kwa patasi siku mbili. Mimi nilililaza bomba literemke kidogo kuelekea nje, ili mvua isirudi ndani, siku mvua ikikumbuka kunyesha. Nikaweka kofia ya bati upande wa nje, mbali na dirisha. Mtungi wa gesi niliusimamisha uani ndani ya kizimba cha waya, nikapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo kuona kama gesi inavuja, maana povu halina siri, penye kuvuja litatoa mapovu. Tulipoliwasha, mwali ulitoka wa manjano wenye masizi. Nikafungua kidogo mlango wa hewa wa kichomeo, ukageuka bluu, umetulia. Injinia alipiga makofi. Tuliuzima baada ya dakika kumi kwa sababu wote tulikuwa tumelowa jasho.

Halikuwashwa tena kwa muda mrefu, lakini lilitunzwa. Kila mwezi nilifungua kofia ya nje, kwani buibui hupenda harufu ya gesi na manyigu hupenda tundu lolote, na bomba likizibwa hata nusu moto hukosa hewa. Kila mwezi nilikagua kamba ya kuzibia kioo, nikafuta vumbi la Garissa lililoingia mahali ambapo hata sindano haiingii. Kisha nilitia sahihi kwenye kitabu kwamba chombo kiko tayari. Tayari kwa baridi gani, kitabu hakikuuliza.

Halafu ikatoka amri ya madirisha. Risasi zilikuwa zimepigwa kwenye dirisha lenye taa, na Kamanda wa jeshi pale Garissa akataka nyumba zote za Serikali zisionyeshe mwanga hata chembe baada ya jua kuchwa. Injinia alinipa kazi hiyo mimi. Nyumba za maofisa nilizifanya mwenyewe. Zile kumi na mbili za wafanyakazi, chumba kimoja kimoja, mlango mmoja, dirisha moja, kila mwenye nyumba alipewa vifaa azibe yake. Nilipigilia bati kwenye dirisha langu, nikazungushia magunia yaliyolowekwa lami, nikajaza katani kwenye kila ufa wa fremu, na chini ya mlango nikapigilia ukanda wa mpira wa tairi kuukuu uliolala sakafuni barabara. Majirani walitundika gunia wakaenda kunywa chai. Mimi nilijivuna. Nilisimama nje jioni nikamwambia mke wangu awashe taa, nikazunguka nyumba, sikuona hata uzi wa mwanga.

Mke wangu aliitwa Dahabo. Alikuwa na mimba ya miezi minane.

Kwa kuwa naijua kazi yangu, nilikwenda kwa Injinia wiki ile ile. Nilimweleza kwamba nyumba zile sasa hazina njia ya hewa, na watu wanapika ndani kwa makaa kwa sababu amri hairuhusu kupika uani jioni. Nikaomba ruhusa ya kutoboa tundu moja kwa kila nyumba, usawa wa goti, nilifunike kwa kiwiko cha bati ili hewa ipite na mwanga usitoke.

"Tundu ukutani?" Aliweka kalamu chini. "Fundi, nikimwambia Kamanda kwamba mafundi wa huku wanatoboa matundu kwenye kuta zao, wakati kama huu, atafikiri nini?"

"Bwana, nyumba yako ina tundu. Nilitoboa mimi."

"La kwangu limo kwenye ramani." Hakusema kwa ukali. Nadhani hata yeye alisikia maneno yake. "Andika ombi. Nitalipeleka."

Nikaandika ombi kwa mwandiko mzuri, nakala mbili. Nikangoja. Nilikuwa mtu wa kungoja ruhusa. Nilikuwa nimefundishwa kwamba Msomali mwenye kazi ya Serikali wakati ule hajikuni bila karatasi, na mimi nililishika funzo hilo kuliko nilivyoshika la Kalasinga.

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Mama mkwe wangu alipata kibali akaja kutoka Sangailu kumwangalia Dahabo siku zake arobaini. Kwetu mzazi hakai bila ubani na malmal, yaani manemane. Hufukizwa asubuhi na jioni, yeye na mtoto, kwa chetezo cha udongo tunachokiita dabqaad, ili harufu mbaya na jicho baya visimguse. Ilikuwa miezi ya upepo, alfajiri ina ubaridi kidogo, kwa hiyo jiko la makaa lilikaa ndani kando ya kitanda, kuna supu, kuna maji ya kumkandia. Jioni mlango ukifungwa, ulifungwa kweli.

Siku moja nilirudi kutoka kazini nikaketi, nikautazama moshi wa dabqaad. Ulisimama wima kama mkuki hadi kwenye dari. Haukupinda kokote. Niliuona. Mimi, niliyefundishwa kuusoma moshi kabla ya kufundishwa kushika spana, niliuona ukisimama nyumbani kwangu, nikasema moyoni kwamba kesho nitamkumbusha Injinia juu ya ombi langu.

Asubuhi yake nikakuta kona ya mpira wa mlango imekatwa kwa kisu na kukunjwa juu, mwanga wa jua unaingia. Nilikasirika, nikamgeukia mama mkwe.

"Hooyo, umeniharibia kazi."

"Kazi gani, Abdi?" Mama mkwe alikuwa amekaa na mtoto mapajani, hakuinua hata uso. "Umemfunga mwanangu ndani ya debe. Nyumba yetu ya mikeka inapumua kila upande. Hii yako imekufa."

"Ni amri, Hooyo. Usiku mwanga utaonekana."

"Amri ya nani? Ya Mwenyezi Mungu?"

Dahabo alicheka kitandani. Alikuwa na kicheko cha kujizuia, anafunika mdomo kwa shashi yake ya kichwani. "Mwache, Hooyo," alisema. "Huyu akiona ufa halali." Nikawaambia nitapigilia mpira mpya nikirudi jioni. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia mke wangu, habari ya mpira.

Sikurudi jioni. Alasiri nilipelekewa ujumbe kwamba Mkaguzi wa Majengo amefika kutoka Nairobi, na Injinia anataka kumwonyesha jiko la kioo. Nikaenda na sanduku langu, nikafungua kofia, nikatoa kiota cha manyigu, nikafuta kioo. Waliketi wakubwa watatu sebuleni, madirisha yote nimeyaziba mwenyewe kwa bati na lami, nikawasha. Mwali ulisimama wa bluu, mzuri. Tukakaa mle karibu saa nzima na hakuna aliyeumwa kichwa. Mkaguzi alishangaa.

"Chumba kimezibwa namna hii, na moto unawaka, na bado tunapumua vizuri!"

"Moto unapata hewa yake kutoka nje," Injinia alimweleza, akitumia maneno yangu. "Na huyu fundi wetu haachi ufa. Ukimpa nyumba aizibe, imezibika."

Niliinamisha kichwa kwa adabu. Nilifurahi, Mungu anisamehe. King'ora cha amri kikalia nikiwa bado ninakusanya vifaa. Niliomba askari wa kunisindikiza hadi nyumbani, Injinia akasema haina haja ya kusumbua askari, nilale stoo, asubuhi nilizime jiko nilikague kabla Mkaguzi hajaondoka.

Kulipopambazuka na amri ilipoisha nililizima jiko, nikaenda nyumbani kwa miguu. Mlango haukufunguka. Niliusukuma kwa bega, kitu kizito kikasogea nyuma yake. Alikuwa mama mkwe, amelala chini kando ya mlango, ametapika, macho wazi, hawezi kuinua mkono. Mtoto alikuwa kifuani pake, mdomo umeelekea ile kona ya mpira aliyoikata. Analia kwa sauti ndogo mno. Taa ilikuwa imezimika na mafuta bado yamo. Dahabo alikuwa kitandani karibu na jiko. Mashavu yake yalikuwa mekundu, ungedhani ni mtu aliyepata afya. Nilimwita. Nilimwita mara nyingi.

Tulimzika kabla ya adhuhuri. Injinia alikuja, akavua kofia, akanipa mkono. Baadaye alizunguka nyumba zote za wafanyakazi pamoja nami. Alitaka kujua kwa nini majirani, waliopika kwa makaa yale yale, hawakudhurika. Nikamwonyesha magunia yao yaliyoning'inia, fremu zenye nyufa za kupitisha kidole, milango isiyo na mpira.

"Kwa hiyo kazi yako," alisema, "ilikuwa nzuri kupita kiasi."

Sijui kama alikusudia kunifariji. Kwenye karatasi ya kifo iliandikwa homa ya uzazi. Niliulizwa mimi kama ndivyo ilivyokuwa, na mimi ndiye niliyesema ndivyo. Nilifikiri nikisema makaa, wataniuliza ni nani aliyeziba.

Siku ya nne baada ya matanga Hassan alikuja na patasi na nyundo bila kuitwa. "Haya, twende," alisema, "na kama wanataka kutufunga, wafunge." Tulitoboa nyumba zote kumi na mbili siku hiyo hiyo, usawa wa goti, kiwiko cha bati juu yake, tukamaliza kabla ya king'ora. Askari wa doria walipita wakatusalimia. Injinia alipita na gari lake. Kamanda mwenyewe alikuja kukagua madirisha wiki iliyofuata. Hakuna aliyeuliza matundu yale ni ya nini. Ombi langu halijajibiwa hadi leo, na ninaamini halikutoka kwenye droo.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Vita iliisha, mainjinia wakaja na kuondoka, karakana ikapewa jina jipya na rangi mpya. Jiko la kioo lilibaki. Kila mwezi nilifungua kofia yake, nikatoa buibui, nikatia sahihi. Siku ya kustaafu nilimkabidhi kijana aliyenirithi orodha ya vyombo, tukapita nyumba kwa nyumba. Kwenye mstari wa jiko niliandika: moja, hali nzuri. Waliniandalia soda na hotuba, wakasema sikuwahi kuvunja kanuni hata moja katika utumishi wangu. Walipiga makofi. Nikawatazama wanavyopiga makofi, nikatamani kuwatupia chupa.

Wasomaji vijana watataka niwaambie kazi yetu inafundisha nini. Nitawaambia yanayohusu ufundi. Msiwashe makaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa kufukiza, hata kwa muda mfupi. Mwali wa manjano ni mwali wenye njaa. Bomba la moshi likaguliwe kila mwaka, nalo la hewa pia, kwa sababu watu hukumbuka kinachotoka wakasahau kinachoingia. Mambo mengine sina uwezo wa kuyafundisha.

Binti yangu anaitwa Nasteho. Alilelewa na bibi yake Sangailu, akasoma, sasa ni mwalimu, mama wa watoto wanne. Amekua akijua kwamba mama yake alikufa kwa homa ya uzazi. Bibi yake hakusema, mimi sikusema. Nyumba niliyoijenga baada ya kustaafu ina tundu katika kila chumba, usawa wa goti, na kila mgeni hulalamika juu ya vumbi na mijusi. Mwaka huu wakati wa upepo Nasteho alikuja kunitembelea. Aliketi chumbani kwangu, akawasha dabqaad, na kwa sababu ya vumbi alikunja kitambaa akakishindilia ndani ya tundu. Nikautazama moshi. Ulisimama wima.

Nikamwambia yote. Nilianzia kwenye kamba ya katani nikaishia kwenye karatasi ya kifo. Nilipomaliza alipiga magoti kando ya ukuta, akakichomoa kitambaa, akabaki hapo hapo amenipa mgongo, mkono mmoja kwenye tundu. Moshi ukapinda kumfuata.

"Aabo," aliniuliza, "kutoboa tundu hili kunachukua muda gani?"

"Nusu saa," nilimjibu.